Nilikuwa konda wa daladala miaka 6, ME na KE njooni tuongee adabu ya mle ndani

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimya kimya hapa, leo nimeona watu wanachambana kuhusu kupisha kiti, wanaume wanasema si mlitaka haki sawa basi simameni, wanawake wanasema wanaume wa siku hizi hawajalelewa, nikasema ngoja na mimi nichangie maana hii vita nimeiangalia nikiwa mlangoni. Nilikuwa konda. 2013 mpaka 2019, Gongo la Mboto kwenda mjini, Coaster, nauli kuanzia 400, mwanafunzi 200.

Kwa wale wenye usafiri wao niwape picha kidogo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale Gongo la Mboto gari likifika watu hawapandi, wanavamia. Wengine wanapitia dirishani, na msidhani ni vijana wa kiume tu, nimeshaona dada kavua viatu vyake vya ofisini kampa mwenzake aliyetangulia kuingia, halafu huyooo kazama dirishani na sketi yake ya kubana, akakaa, akavaa viatu, akatoa kioo akaanza kujipaka poda kama hajafanya kitu. Kwenye vurugu hiyo konda una sauti na una mkono. Mkono ndio unaoshika bomba, ndio unaokunja noti katikati ya vidole, ndio unaogonga bodi suka aondoe gari. Na tuseme ukweli, huo mkono huwa unatembea.

Aliyenifundisha kazi alinionyesha kabisa. Ukitaka gari lijae haraka mwanamke mshike kiuno msogeze, "ingia ndani mrembo nafasi ipo". Mwanaume humshiki kiuno, ukimshika utakula ngumi, yeye unamwambia kaka mbele kidogo, mzee sogea hapo, bosi nyuma kuna nafasi. Yaani kazi ileile moja, mmoja anaelekezwa kwa mdomo mwingine anasukumwa kama kiroba. Nimefanya hivyo miezi kama minne na sikuwahi kuwaza chochote, nilijua ndo kazi ilivyo.

Nikaja kuhamia gari lingine, suka alikuwa mzee wa Muheza, mtu wa maneno machache, kibaraghashia kichwani mwaka mzima. Siku ya kwanza tu tupo Banana nikamsukuma dada mmoja mgongoni aingie. Mzee akazima gari. Wakuu, akazima gari pale kituoni asubuhi, nyuma honi zinalia, matusi yanakuja, yeye kageuka ananiangalia tu. Akasema "Konda, gari lina ngazi na yule ana miguu. Wewe nimekuchukua kwa ajili ya sauti." Akawasha, tukaondoka. Abiria wengine wakacheka, nikaona kanidhalilisha, nikapanga nikishusha hesabu jioni nisirudi tena.

Nilirudi bwana, njaa haina aibu.

Baadae akanipa masharti yake. Mkono kwa abiria ni kwa mtoto, kwa mzee akiomba mwenyewe na kwa mtu anayeanguka, basi. Na mdomo nao: mrembo hakuna, mtoto mzuri hakuna, bonge hakuna, we mama hakuna. Nikamuuliza sasa niwaiteje? Akanijibu huku anapangusa kioo, "Si abiria wako hao? Waite abiria." Nilimcheka moyoni, nikasema watu wa Tanga na ustaarabu wao hawa watatutia njaa.

Sasa sikilizeni. Haikupita miezi miwili nikaanza kuona kitu pale kituo cha Mombasa, Ukonga (wa mikoani msishangae, Dar tuna kituo kinaitwa Mombasa). Kuna akina mama na akina dada, manesi, walimu, wale wa samaki na ndoo zao, wanaacha gari lenye siti linapita, wanasubiri letu. Wanasubiri kusimama! Hesabu ya bosi tulikuwa tunaimaliza mapema kuliko magari mengi ya njia ile. Kama mzee alikuwa mcha Mungu au alikuwa mfanyabiashara mpaka leo sijui, sikumuuliza.

Ila msione nimekuja kuwasema wanaume wenzangu peke yao. Konda naye ni mtu. Kuna abiria nauli anakurushia. Kuna wa kukusonya, na msonyo wa mwanamke wa Kiswahili mnaujua wenyewe, unaanzia Airport unaishia Tazara. Kulikuwa na dada mmoja wa Kipawa ananukia vizuri sana, alikuwa hanipi hela mkononi, anaiweka kwenye siti niiokote, nikinyoosha mkono anarudisha wake nyuma, nilikuwa nafika nyumbani nanusa vidole vyangu. Na wanaume wanaokukunja shati kwa sababu ya shilingi mia, mbele ya mwanamke waliyepanda naye, ili waonekane madume.

Sasa hiki kiti mnachogombania. Jioni moja tumetoka Mnazi Mmoja tumejaa mpaka mlangoni. Kuna fundi kakaa siti ya pembeni, ndoo yake katikati ya miguu, mwiko unachungulia, mikono imekuwa myeupe kwa saruji, kalala mdomo wazi. Pembeni yake kasimama dada na mchuchumio, mzima wa afya, pochi begani. Akaanza kwa sauti gari zima lisikie: "Yaani mwanaume mzima umekaa wanawake tumesimama, huna mama wewe?" Jamaa kashtuka, wala hakujibu, kasimama, nikaona magoti yanamtetemeka kama ndama. Dada kakaa. Asante hakuna. Katoa simu.

Gari likawa kimya. Kule nyuma mama mmoja wa samaki akaita, "Baba njoo ukae hapa, mie nashuka Vingunguti." Jamaa akapenya mpaka kule akakaa. Vingunguti tukafika, tukapita, mama hajashuka. Nimemshusha mwisho wa gari, Gongo la Mboto, na ndoo yake kichwani.

Mimi mtazamo wangu kiti ni zawadi, mwenye nacho akitoa unashukuru, na ukikitaka unaomba. Mjamzito, mwenye mtoto mgongoni, mgonjwa, mzee, hao hatujadili, hao wapishwe hata kama wewe ni waziri. Hawa wengine tusaidianeni mawazo, nyie mlioko ndani ya gari mnaonaje?

#2

Nakazia. Ila umewasahau wapiga debe mkuu. Konda ana afadhali ana kazi ya kupoteza, mpiga debe anamvuta dada wa watu mkono na begi kila mmoja kwake, gari lenyewe sio la njia yake.

#3

Mleta uzi ubarikiwe, na mimi ni mmoja wa hao manesi, labda nilishapanda gari lenu. Natoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, nimesimama masaa kumi na mbili wodini, naingia kwenye gari nasimama tena. Nataka niseme la upande wetu ambalo kaka zangu hamlijui kwa sababu halijawahi kuwapata.

Mimi kwenye mtandio wangu kuna pini. Sio urembo. Kuna wanaume gari likijaa wanajisogeza makusudi, gari limefunga breki kidogo tu yeye kakulalia wote, ukigeuka anaangalia dirishani kama anatafuta ndugu yake. Pini ndo dawa. Mama yangu alinifundisha nikiwa fomu wani na mimi nimemfundisha mdogo wangu, sasa jiulizeni ni nchi gani hiyo mtoto wa kike anafundishwa kutembea na pini kabla ya kufundishwa kuvuka barabara.

Na linaloumiza zaidi ya huyo mmoja ni wale wengine wanaocheka. Ukipiga kelele unaambiwa "dada nunua gari lako". Sheria ipo wadau, kuna ile ya makosa ya kujamiiana ya 1998, wenyewe wanaiita SOSPA, kubughudhi mtu kijinsia ni kosa iwe kwa maneno au kwa vitendo. Ila nani ataenda polisi na yuniform ya usiku, na huyo mtu keshashuka Jet?

Niwape na zuri nisionekane nachukia wanaume. Kuna hii desturi yetu ya Dar, aliyekaa anampokea aliyesimama mzigo. Hujamuomba, anakwambia tu "lete hilo begi dada", analiweka mapajani, mtoto wa mtu anapakatwa na asiyemjua mpaka kituoni. Siku moja nimetoka zamu mbaya, tumepoteza mgonjwa, machozi yako hapa, kaka mmoja kanipokea begi na sweta hajaongea neno. Nilipofika nikamgusa bega, akanipa vitu vyangu, "pole na kazi". Basi. Hakuomba namba.

Hilo la namba naomba nilirudie. Ukinishikia begi nishikie begi tu. Msitugeuzie wema kuwa rehani.

#4

Wanawake mnachekesha. Asubuhi haki sawa, mchana fifte fifte, jioni kwenye daladala "huna mama wewe". Mimi nalipa nauli hiyohiyo anayolipa yeye. Simpishi mtu ambaye haumwi na hana mimba, na sioni kosa langu. Mleta uzi umejikaanga mwenyewe na stori ya fundi.

#5 Mleta uzi

Mkuu #4, huna kosa lolote, kaa. Sijasema popote kwamba kila mwanamke apishwe. Ila hapo kwenye haki sawa unachanganya mafaili. Huyo dada anayedai asishikwe kiuno na huyo dada aliyemwamsha fundi sio mtu mmoja, na hata wangekuwa mmoja, kuwa na mdomo mchafu hakumfanyi mtu astahili kushikwa. Ungekuwa wewe umenitukana kuhusu chenji ningekushika kiuno?

Na #3, pole sana dada. Hilo la pini nilikuwa nasikia "aah!" ya mwanaume nyuma huko, miaka yote najua kakanyagwa kidole.

#6

Vijana wangu hamjambo. Mimi mzee wenu nimekulia Ilala. Nawasoma mnavyosema adabu imepotea "siku hizi" natabasamu tu. Oktoba 1968 TANU Youth League ilitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia Januari 1969 ni marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Basi watu hawakusubiri hata hiyo Januari. Kariakoo makundi yalikuwa yanawavamia akina dada, wanawateremsha kwenye mabasi, wanawachania nguo, wanasema wanalinda utamaduni. Polisi ilibidi waingie kutuliza. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka dada zetu walivyokuwa wakienda mjini na khanga ndani ya mkoba, wakikaribia Kariakoo wanajifunga juu ya gauni, wakivuka wanafungua wanaikunja vizuri wanarudisha.

Kwahiyo huo mkono wa konda una babu yake. Na enzi hizo tulikuwa tunaamkiana shikamoo asubuhi mpaka jioni.

#7

@#6 shikamoo mzee. Khanga kwenye mkoba mpaka leo ninayo, tena ile yenye maneno makali, asiyesikia atasoma.

#8

Niaje majirani. Mimi niko Nairobi, huku kondakta tunamwita makanga, na wale wa kuitia watu magari kwa steji ni manamba. Haya mambo ni yale yale tu. Novemba 2014 video za akina dada wanavuliwa nguo kwa steji na ndani ya gari zilienea kwa simu za watu, eti wamevaa vibaya, na mia kadhaa ya wanawake pamoja na wanaume wakaandamana hapa mjini, mavazi yangu chaguo langu. Mwaka huohuo ikisha ikawekwa kwa sheria, ukimvua mtu nguo kwa nguvu ni jela miaka mingi. Kusema kweli tangu hapo makanga wengi waliogopa hiyo sheria kuliko vile wangeogopa mamake. Lakini kwa mdomo bado. Ukikataa kuingia gari yake, dakika moja iliyopita ulikuwa "supuu", saa hii umekuwa sura mbaya.

#9

Hahaha #8 hilo la kugeuka ghafla! Mrembo mrembo mrembo, ukisema hapana kaka nasubiri la Mbagala, "nenda zako sura kama stepu".

#10

Huku Unguja daladala zetu nyingi ni zile za mabenchi ya ubavuni, mnakaa mnatazamana, magoti kwa magoti. Labda ndo maana tunaogopana kidogo. Ukipanda unatoa salamu, asipoitikia mtu mmoja ataitikia mwengine, na mwanamke akiingia wanaume tunajisogezea upande mmoja apate pa kukaa bila kubanana na mtu asiyemjua. Hakuna anayeamrisha, inaonekana tu watu wanajikusanya kama kuku wakiona mvua. Sisemi huku ni peponi, wapo mabaramaki kama kwengine, ila mkitazamana usoni safari nzima ni tabu kumfanyia mtu jambo la ovyo halafu ukajifanya waangalia minazi.

#11

Wadau mimi nina kesi nyepesi. Nina miaka 34. Juzi nimempokea dada mzigo, nikataka kuonyesha heshima nikasema "shikamoo". Amenitazama kuanzia kiatu mpaka nywele. "Shikamoo ya nini, nalingana na mama yako?" Gari zima likacheka. Jumatatu nikasema basi nakuwa makini, nikamwambia mwingine "mambo vipi dada", kumbe ni mtu mzima, mjukuu kamshika mkono, nikaambiwa vijana hatuna adabu. Mnisaidie, mtu umri wake haueleweki na wigi limeshuka mpaka machoni, unamsalimiaje?

#12

@#11 "Habari za asubuhi" iliishia wapi mkuu? Au ilipanda bei?

#13

@#11 shikamoo ukiwa na wasiwasi toa. Marahaba ya kununa ni bora kuliko laana ya bibi wa watu.

#14

Mimi KE na nakubali kosa kwa niaba ya baadhi yetu. Asante hatutoi. Tumezoea kwamba mwanaume akifanya kitu kizuri lazima kuna anachotaka, kwahiyo tukimshukuru tunaona kama tumemfungulia mlango, tunanyamaza na kununa kabisa tukae salama. Nimelijua hilo siku mume wangu alipokuja nyumbani analalamika, kampisha binti kiti kutoka Posta, binti kakaa, kaweka na pochi yake siti ya jirani iliyoachwa wazi njiani, yeye kasimama mpaka mwisho. Nilicheka sana halafu nikakumbuka na mimi niliwahi kuweka pochi.

#15 Mleta uzi

Nimerudi, nilikuwa kazini, siku hizi nauza vipuri sipandi tena mlangoni.

#14 umeongea kitu ambacho sikuwahi kukiwaza miaka yote sita. Kwahiyo mwenye kuomba namba anawaharibia hata wale waliotaka kushika begi tu. Ndo maana yule mzee wangu alikuwa hataki hata nitabasamu nikipokea nauli, anasema "pokea, rudisha chenji, geuka". Nilidhani ni roho mbaya.

Aliyeuliza PM kama yupo hai, yupo, karudi kwao Muheza ana miti yake ya machungwa. Nilimtembelea mwaka juzi. Alikuja kunipokea stendi, tukapanda Noah kwenda kijijini kwao, konda kijana tu, kamshika dada mmoja mkono kumwingiza. Nikamwangalia mzee, nikajua leo gari hili halitoki. Akamwambia yule kijana polepole, "mwanangu, ana miguu". Kijana akasema "tulia mzee, hii sio gari yako". Mzee akatulia kweli. Tukafika mbele kidogo akaniambia shuka. Tumetembea kwa miguu, wakuu, jua la saa saba, mimi na begi langu na kilo tano za mchele niliomletea, na hakusema neno mpaka nyumbani isipokuwa kuniuliza kama nataka nipokelewe mzigo.

#16

Mleta uzi samahani nje ya mada. Coaster nyeupe yenye mstari wa bluu? Konda mwembamba ana mwanya? 2014, nashuka Banana nimekupa buku, ukasema "chenji nakupa", ukagonga bodi gari likaondoka?

#17 Mleta uzi

Daaah. 600.

Abiria wangu naomba radhi. Tuma namba PM nirushe, na naapa naitumia kurushia hela tu halafu naifuta.

#18

Hahahaaa #16 usimpe, aje aiweke kwenye siti uiokote.